Hesabu ya Julai

Leo tarehe thelathini na moja nimefungua daftari la oda
nitafute elfu kumi na mbili zilikokwenda.
Sikuziona.
Pembeni mwa vipimo vya sketi ya Mama Tweve
nikakuta mwandiko wangu mwenyewe:
jua limefika ukutani saa tatu na robo.

Basi ilikuwa hivi. Wiki ya kwanza Njombe iliganda.
Majani ya maboga yaliamka meupe kama yamenyunyiziwa chumvi,
maji ya ndoo yakavaa ngozi ya kioo,
nikaigonga kwa kijiko, ikapasuka,
nikaendelea kugonga vipande, mtu mzima, bila sababu.
Paka wa jirani ndiye aliyenionyesha pa kukaa:
kipande cha ukuta, upana wa kanga moja,
ambapo jua hutua kabla halijawafikia wenye maduka makubwa.
Miaka tisa nimepanga chumba hiki,
na paka, mgeni wa mwezi wa nne, amenitangulia kujua.
Sasa tunagawana. Yeye juu ya vitambaa vya mabaki,
mimi na kikombe, na pasi ya mkaa katikati yetu
kama mzee wa baraza asiyesema neno.

Nikifumua bitana ya koti la mtumba la kijana Mligo
ikadondoka tiketi. Sijui ya treni, sijui ya sinema,
lugha yenye vitone juu ya herufi.
Nani alikuwa akienda wapi, na alifika?
Nikairudisha palepale, nikashona juu yake.
Mligo atapanda na kushuka vilima hivi
na safari ya mtu kifuani,
nami sitamwambia.

Alhamisi umeme ulikatika. Redio za mtaa mzima zikanyamaza kwa pamoja,
na katika ule ukimya nikasikia kitu kikivuma, mbali, chini:
maporomoko ya Ruhuji.
Kumbe yanafika hadi hapa.
Kumbe kila usiku yalikuwa yanafika.

Halafu miwani. Tarehe kumi na tisa, sokoni, elfu nane
(ndiyo hiyo, elfu nane imepatikana).
Nikaivaa, nikauinua upindo wa suruali ya Mwalimu Ngailo,
kazi ya mikono yangu:
umepinda kama barabara ya kwenda Ludewa.
Nikachukua gauni. Limepinda.
Nikakumbuka kwaya nzima, sare ishirini na nne,
walivyosimama mbele ya kanisa Pasaka
na mishono yangu ikitambaa mapajani mwao kama siafu walevi.
Miaka mitatu hivi! Na hakuna aliyesema.
Walirudi na vitambaa vingine chini ya kwapa,
"Fundi, nishonee kama ile ya mwaka jana,"
na walilipa, na wengine waliniachia viazi.
Nilicheka peke yangu hadi miwani ikashika ukungu.
Kisha sikucheka. Nilikaa tu, nimeshika ile suruali,
joto limenipanda kutoka mahali pasipo na mkaa.

Elfu nne iliyobaki sitaitafuta.

Limebaki jambo moja ambalo daftari halina.
Tumwidike, mjukuu wa mwenye nyumba, miaka saba,
ndiye hunitungia uzi sindanoni kabla hajaenda shule.
Usiku ule wa miwani nilifunga mlango, nikajaribu.
Uzi ukapita mara ya kwanza, bila hodi,
kama mtu aliyezoea nyumba.
Naweza, basi.
Asubuhi nikasikia ndala zake kwenye umande mgumu, kwachu kwachu,
nikavua miwani haraka, nikaificha chini ya pamba za mabegani.
"Kamwene, babu."
Kamwene. Njoo mama, macho yamenishinda tena.
Akalamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja,
na ulimi wake ukachungulia nje
penye pengo la jino la juzi.